Fundi Asiyevuta Tumbaku

Mtu aliyenifundisha kwamba nyumba huanzia kichwani hakujua hata herufi moja. Mimi nilizijua. Si nyingi, nilisoma darasa la ubatizo tu, kisha nikakaa miaka mitatu jikoni kwa bibi mmoja Mzungu wa misheni mjini Bukoba. Huko nilijifunza Kiswahili, nikajifunza kupiga pasi, na nikajifunza kudharau watu. Mawili ya kwanza yamenisaidia. Hilo la tatu ndilo lililonikalisha hapa niandike, na wajukuu wangu wakisoma wasije wakaniambia nimejitukana bure.

Jina lake sitaliandika. Kijijini kwetu, huku upande wa Muleba, kila mtu alimwita Fundi, na inatosha. Jina lake analo Mungu. Mimi sitaki nililaze karibu na nilichofanya.

Alikuwa fundi wa msonge, ile nyumba yetu ya zamani ya nyasi, duara, isiyo na ukuta wala pembe, nyasi zimeshuka kutoka kileleni mpaka ardhini kama kuku aliyelalia mayai. Watu wa siku hizi wanadhani nyumba ile ilianzwa chini kama za matofali. Sivyo. Fundi aliketi kwenye majani ya migomba na fito laini mapajani, akasuka pete ndogo ya kuenea kichwa cha mtoto. Hicho ndicho kilele. Akaongeza pete ya pili, kubwa kidogo, na ya tatu, na wanaume wakainyanyua kazi kwa nguzo kadiri ilivyokua, mpaka nyumba nzima ikawa imesimama juu ya vichwa vyao na yeye bado yuko chini, anasuka ukingo.

Kipimo chake kilikuwa kamba moja ya nyuzi za gome, yenye mafundo kumi na mawili. Kila fundo na pete yake. Aliirithi kwa fundi aliyemfundisha, na yule kwa wake. Aliivaa kiunoni, akaiosha mwenyewe mtoni, na mkewe, Mungu amrehemu, aliishi naye mpaka akafa bila kuigusa. Mwanamke hakuruhusiwa. Mwanamke kazi yake ilikuwa kukata nyasi huko lweya, kule uwanda wa wazi nje ya migomba, na kuzibeba kichwani. Hata nyasi hizo Fundi hakuzipokea hivi hivi. Alichomoa unyasi mmoja, akautafuna, akatema.

"Huu umekatwa na mtu mwenye hasira," aliniambia siku moja.

"Tata, unyasi unajuaje hasira?" Tata kwetu ni baba.

"Umeng'olewa, haukukatwa. Rudi."

Nikarudi. Kweli nilikuwa nimegombana na mume wangu asubuhi ile.

Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini aliyarudia mpaka tukayashika hata sisi tusiotaka. "Nyumba isiyomwinamisha mgeni ni uwanja." "Pembe ni mahali pa kufichia ugomvi." "Nyasi hazina haraka, mwenye haraka ni mvua." Wale vijana waliowahi kumfuata kujifunza aliwatukana kutwa, akawaita vifaranga, akawaita magogo. Wakikosea fito aliikata kazi yao yote na kuwaambia waanze upya kutoka kichwani. Mwisho wakamkimbia mmoja mmoja, maana kahawa ilikuwa imeanza kuleta bati vijijini, na kupigilia bati hakumtaki mtu atukanwe miaka saba.

Na tumbaku. Hapo alikuwa moto. Nusu ya wazee wetu walikuwa na kiko mdomoni toka asubuhi, lakini Fundi hakuvuta, na penye kazi yake hakuvuta mtu. Siku moja alikuja mkungu wetu mwenyewe, mkuu wa kijiji, mtu wa kupigiwa magoti, kuangalia nyumba yake inavyoendelea, na kiko kinafuka. Fundi akachukua kibuyu cha maji ya kunywa, akapiga magoti kwa heshima zote, akamimina maji kwenye kile kiko.

"Waitu mkungu," akasema, "nyumba hii ikiungua, nani atakujengea nyingine? Mimi nitakuwa nimo ndani, nimeungua."

Mkungu alitazama kiko chake kinachodondoka maji. Akacheka, kwa sababu watu walikuwa wengi na hakuna kingine alichoweza kufanya.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Lubisi alikunywa. Siku za kujenga hakuonja hata tone, lakini nyumba ikimalizika alikunywa pombe ile ya ndizi siku tatu, akaimba matusi njiani. Kwake kulivuja. Mvua ikinyesha mkewe alihamisha kitanda mara nne, na ukimuuliza Fundi alijibu, "Ya kwangu nitaijenga kesho." Kanisa letu la kwanza la Kilutheri alilijenga yeye, la nyasi, zuri, watu walitoka mpaka Kemondo kuja kuliona. Siku ya kulifungua akaishia hapo mlangoni, akaenda zake, hakuingia ibadani hata mara moja. Tulipolivunja tukaweka bati alikasirika mwezi mzima. Halafu tukaanza kumwona. Kila mvua kubwa ikija, Fundi anaacha migomba yake, anakwenda kuketi peke yake kwenye benchi la nyuma kanisani, anasikiliza bati likipigwa. Mwinjilisti akafurahi, akadhani ameokoka. Kumbe alikwenda kusikia mvua.

Msonge wangu wa kuolewa aliujenga yeye. Siku nilipoletwa alisimama mlangoni, akanigusa kisogo kwa kidole, akasema, "Inama, muhara wange." Binti yangu. Hakuwa na binti. Miaka michache baadaye mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha kilimo Maruku, alileta bati, tukaubomoa ule msonge. Fundi alikuja siku ya kubomoa bila kuitwa. Alichukua kilele tu, ile pete ndogo ya kwanza, akaondoka nayo begani. Nami nilifurahi kwamba jirani hawakumwona.

Sasa nifike kwenye pango.

Juu ya kijiji, pale kilima kinapokatika kuelekea ziwani, kuna mapango matatu. Mawili ni ya popo. La tatu lilichongwa na watu. Nani, hakuna ajuaye. Wazee walisema ni wafua chuma wa kale. Mlango wake ni mfupi, wa kutambaa, lakini ukishaingia unasimama wima, na juu ya kichwa chako mwamba umechongwa mviringo, pete ndani ya pete, mpaka kileleni pana kishimo cha kuenea kichwa cha mtoto. Alama za patasi bado zipo, unazipapasa kwa kidole. Mafundi wa msonge walijifunzia humo. Kabla hajasuka nyumba yake ya kwanza, fundi mchanga aliingizwa kinyumenyume, mgongo mbele, ili kitu cha kwanza kukiona akiwa ndani kiwe mlango na mwanga wake. Kisha alilazwa chali akahesabu pete. Zilikuwa kumi na mbili.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Meli ikashusha Kemondo mwalimu mmoja Mzungu na vijana saba, Waafrika na Wahindi, waliokuwa wakisomea kuchora majengo ng'ambo ya ziwa. Wamesikia habari za pango letu, wanataka kulipima. Mkungu akatoa amri: Fundi awaongoze, na mimi nitafsiri, maana wao walisema Kiswahili na Fundi alijua Kihaya peke yake.

Fundi hakulala vizuri siku zote za kungoja, alinieleza mwenyewe. Aliosha kamba. Alichemsha kahawa na majani yake ya harufu, zile punje zetu za kutafuna, akazianika, akazichambua moja moja. Akaja nyumbani kwangu.

"Wanasoma kujenga?" akaniuliza.

"Wanasoma kuchora, tata. Wakubwa wa kazi ya ujenzi."

"Saba?"

"Saba."

"Mimi nataka mmoja," akasema. "Mmoja tu, kiangazi kimoja. Nitamlisha. Nitampa kamba. Nikifa nayo kiunoni itakuwa kamba ya kufungia mbuzi. Utawaambia?"

"Nitawaambia, tata."

Nilisema hivyo. Nakumbuka hata mahali nilipokuwa nimesimama.

Siku yenyewe nilivaa gauni la maua na viatu vya ngozi alivyoniachia yule bibi wa misheni. Fundi alikuja amevaa lubugo, vazi la gome la mti, limefungwa begani kama wazee wa babu zetu, miguu imepasuka, kamba kiunoni, shavu limejaa kahawa. Vijana walivaa kaptula zilizonyooshwa. Nilimwona kwa macho yao. Hicho ndicho kilichonishika, sina kisingizio kingine. Njiani kijana mmoja aliniuliza, "Dada, huyu mzee ni ndugu yako?"

"Hapana," nikasema. "Ni mzee tu wa hapa."

Petro alikana mara tatu. Mimi nilianza na moja.

Mlangoni Fundi akageuka, akaingia kinyumenyume, matako kwanza, akatupa ishara tumfuate vivyo hivyo. Vijana wakacheka. Si kicheko kibaya, ni cha ujana, lakini kilinichoma usoni. Wakaniuliza sababu. Niliijua sababu. Nikawaambia, "Ni mazoea yake ya zamani, msijali, ingieni tu." Wakaingia kichwa mbele. Mmoja tu, mfupi, mwenye miwani na penseli sikioni, mtu wa Tabora, alisema, "Mwenye nyumba akiingia hivyo na mimi naingia hivyo." Akageuka. Alipokuwa ndani nilimsikia akisema, "Loo! Mlango!" Fundi akampapasa bega, akamlaza chali sakafuni, akalala naye sambamba, wakawa wanahesabu pete kwa vidole, huyu kwa Kihaya, yule kwa Kiswahili, na wote wawili wakafika kumi na mbili.

Wenzake walipima kwa utepe wa chuma. Mwalimu aliandika. Fundi akaketi, akatoa tunda moja la kahawa, akalipasua. Msomaji wa mbali ajue: ndani ya tunda moja la kahawa hukaa punje mbili, tumbo kwa tumbo. Kwetu watu wawili wakigawana punje hizo wamekuwa ndugu. Huyu akiita, yule huja. Fundi alitafuna moja, ya pili akampa yule wa miwani. Yule akaila kwa adabu, akakunja uso kwa uchungu wake.

Ndipo Fundi alipoinuka akasema maneno yake. Alisema marefu, kuliko nilivyowahi kumsikia. Alitaja mafundi waliomtangulia. Akanyoosha kamba mikononi. Akasema ameomba mmoja na Mungu amemwonyesha yupi, kiangazi kijacho aje, kitanda chake kipo. Akaniangalia. "Waambie."

Wote wakanigeukia. Mwalimu, vijana, hata mwinjilisti aliyekuwa amekuja nasi. Mate ya kahawa yalikuwa kidevuni mwa Fundi. Nikaona aibu kusimama pale nikawaambia watu waliosoma, waliovuka ziwa, kwamba mzee huyu wa magome anamtaka mmoja wao awe mwanafunzi wake. Nikafungua mdomo. Likanitoka lile nililozoea kulisikia wazee wakiliomba mlangoni kwa bibi wa misheni.

"Anasema asante kwa kuja," nikasema. "Anaomba tumbaku kidogo."

Wakacheka kwa wema. Yule wa miwani akajipapasa mifukoni, akatoa pakiti ya sigara, mpya, haijafunguliwa, akampa Fundi kwa mikono miwili.

Mwinjilisti alijua Kihaya na Kiswahili. Alinitazama, akatazama chini.

Fundi, aliyemwagia kiko cha mkungu maji, alipokea pakiti ile kwa mikono miwili. Alidhani ni jibu. Yeye ametoa kahawa, kijana ametoa chake, mambo yameisha. Akaifunga katika pindo la lubugo. Kushuka kilima alikuwa akiimba.

Kiangazi kilichofuata alikata nyasi. Zee lile, mgongo umepinda, alikwenda lweya peke yake, akakata, akabeba, akarundika kibanjani kwake. Akasafisha duara ardhini, akalikanyaga mpaka likang'aa. Watu wakamtania.

"Fundi, nyumba ya nani hiyo?"

"Ya mwanafunzi wangu."

"Yuko wapi?"

"Anamaliza kwanza madarasa yake. Nyinyi mlidhani watu husoma siku mbili?"

Mchwa wakala nyasi zile. Kiangazi cha pili akakata nyingine. Akinikuta njiani aliniuliza, "Muhara wange, barua haijafika?"

"Bado, tata."

"Ziwa ni kubwa," alisema, akinifariji mimi.

Hivyo nilimdanganya tena na tena, na kila mara nilijiambia kwamba nikisema ukweli nitamwua. Uongo mtupu. Nilikuwa nikijilinda mwenyewe. Ningeweza hata kumwendea mwalimu wa shule amwandikie yule kijana wa Tabora. Sikwenda. Mwalimu angeuliza ilikuwaje.

Kiangazi cha tano Fundi hakukata. Kifua kilimshika, wakampeleka hospitali ya Rubya. Nilipika ndizi, nikafunga kwenye jani, nikaenda nimeazimia kusema. Nilimkuta kitandani amevaa shuka jeupe, mdogo kama mtoto, macho yakitazama dari.

"Pembe nne," akasema kabla sijasalimu. "Nimezihesabu. Sijui wanafichia nini."

Nikacheka nikaona machozi yanakuja. Akavuta kifurushi kutoka chini ya mto. Lubugo lake. Ndani yake kamba, na ile pakiti, imefifia rangi, haijafunguliwa.

"Shika," akasema.

"Tata, hiyo ni kamba, na mimi ni mwanamke."

"Nani mwingine? Wewe ndiye uliyesimama kati yetu. Utamjua akija. Hii pakiti mwonyeshe, ni ahadi yake, ataikumbuka. Kamba mpe. Mafundo nitakufundisha leo, wewe utamfundisha."

Hapo sikuweza tena. Nikapiga magoti sakafuni, nikasema. Nikasema yote, na lile neno tumbaku nikalisema. Nesi alipita, akasimama, akaenda.

Fundi aliishika ile pakiti. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Hakunitukana, yeye aliyetukana watu kwa fito moja iliyopinda. Ningelipenda anitukane.

"Basi," akasema taratibu, "nilikula kahawa na nani?"

Akafumba macho. Nikadhani ananifukuza, nikainuka. Mkono wake ukatoka ndani ya shuka.

"Lete kidole. Fundo la kwanza, kilele. Funga macho. Hapa. Fito tatu, laini, zisizozidi mwaka mmoja."

Akanifundisha, amechoka, anakohoa, na nilipokosea alisema, "Gogo wewe, anza tena kutoka kichwani." Tulifika fundo la nne. Akasema yaliyobaki kesho. Nikalala kwa jamaa karibu na hospitali, na asubuhi nilipofika kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Kwa hiyo najua mafundo manne. Nimesuka kilele mara nyingi, uani, wajukuu wakidhani bibi anatengeneza kikapu. Pete ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha mikono inasimama. Hapa kwetu sijaona tena msonge mpya ukiinuliwa. Mimi nalala chini ya bati, na mvua ikinyesha naketi kitandani, nasikiliza kwa niaba yake.

Wewe mfupi mwenye miwani, mtu wa Tabora, kama uko hai na karatasi hii ikakufikia: pakiti yako ninayo. Yule mzee hakukuomba tumbaku. Hakuvuta maisha yake yote. Alikuomba urudi, na alikukatia nyasi viangazi vinne.